Maneno Mafupi ya Waya

Jioni ya tarehe 4 Desemba 1889 maofisa wa Kijerumani waliokuwa Bagamoyo walifanya karamu. Msafiri Henry Morton Stanley alikuwa ameingia mjini siku hiyo akitokea bara, na pamoja naye Emin Pasha, gavana wa jimbo la Ikweta kusini mwa Sudan, ambaye magazeti ya Ulaya yalikuwa yamemlilia muda mrefu kama mtu aliyepotea. Watu walikunywa, wakahutubu, na kabla ya usiku kwisha Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alipita kwenye dirisha la ghorofani akianguka hadi chini, akavunjika fuvu. Hakufa, ila alilala kitandani Bagamoyo kwa majuma mengi. Waandishi wa magazeti ya New York walikuwa wamekuja kumlaki Stanley. Siku moja iliwapa habari mbili kubwa, na mji mzima haukuwa na waya wa kuzipeleka.

Waya ulikuwa ng'ambo, Unguja. Mwaka 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imelaza kebo chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, na kutoka hapo ikateremka Msumbiji na Durban. Mtu wa Bagamoyo aliyetaka London ijue jambo alitafuta kwanza chombo cha kuvuka karibu kilomita 40 za bahari, kisha akapanga foleni kwenye ofisi ya kebo. Hata hivyo afadhali yake. Mmisionari na msafiri David Livingstone alipofariki mwaka 1873, London haikupata habari mpaka Januari 1874, na mwezi uliofuata maiti yake, iliyobebwa na watumishi wake akina Susi na Chuma kutoka bara, ikafika Bagamoyo.

Mwaka 1890 kebo ikavushwa: Unguja hadi Bagamoyo, na kutoka hapo Dar es Salaam. Baadaye waya wa nguzo ukafuata pwani kwenda kaskazini, Saadani, Pangani, Tanga, njia ileile ambayo muda mfupi tu nyuma ilikuwa uwanja wa vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri dhidi ya Wajerumani. Wajerumani walikuwa wamemnyonga Abushiri mjini Pangani Desemba 1889, siku chache baada ya ile karamu. Waya haukuletwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa pembe, ingawa nao waliutumia. Ulikuwa wa serikali iliyotaka kuagiza askari bila kungoja upepo.

Sasa tuangalie kilichotokea mezani kwa mpiga telegramu, maana historia ninayoisimulia inaanzia hapo. Telegramu ililipiwa kwa neno. Mteja aliyeandika maneno kumi alilipa kumi. Akiondoa salamu na "tafadhali" alilipa sita. Kanuni za kimataifa za miaka hiyo ziliweka pia kikomo cha urefu: kwenye njia za nje ya Ulaya neno lenye herufi zaidi ya kumi lilihesabiwa kuwa mawili. Kwa kipimo hicho kitenzi chetu cha kawaida kabisa, "nitakutumia", kina herufi kumi na moja na kingelipiwa mara mbili. Wafanyabiashara wakawa na vitabu vya msimbo, maarufu kati yao kile cha ABC cha William Clauson-Thue, ambamo neno moja lisilo na maana mtaani lilisimama badala ya sentensi nzima ya bei, shehena na tarehe. Mpokeaji alikuwa na kitabu hichohicho, akalifumbua.

Kwa ufupi, aliyekaa kwenye waya alijifunza mambo matatu. Neno liwe fupi. Mpangilio wake uwe uleule kila mara, kwa sababu upande wa pili hakuna atakayekisia ulichomaanisha. Na nafasi iliyo kati ya maneno ina gharama, kwa kuwa ndiyo inayoamua maneno yamekuwa mangapi. Wajerumani wenyewe waliuandika mji wao mkuu Daressalam, neno moja lisilo na pengo.

Makao makuu ya Wajerumani yalihamia huko kutoka Bagamoyo mwaka 1891. Bandari ya Bagamoyo ina maji mafupi, meli kubwa zilitia nanga mbali, na Dar es Salaam ilikuwa na lango la kina. Reli zilipoanza kujengwa, moja ilitokea Tanga na nyingine Dar es Salaam, zikaiacha Bagamoyo katikati, na misafara ya wapagazi iliyoipa uhai ikakatika. Posta ilibaki, boma jipya la 1897 likabaki, na waya ukabaki ukipita. Agosti 1914, vita vilipofika, shabaha ya kwanza ya Waingereza kwenye pwani hii ilikuwa mawasiliano: tarehe 8 manowari Astraea iliupiga mnara wa simu ya upepo wa Dar es Salaam. Bagamoyo yenyewe ilitekwa Agosti 1916 baada ya kupigwa mizinga kutoka baharini.

Wakati huo mashine zilikuwa zimeanza kuondoa kidole cha mpiga telegramu kwenye kazi. Mfaransa Émile Baudot alikuwa amesajili mwaka 1874 mfumo wa kuipa kila herufi alama tano za umeme, na mwaka 1901 Donald Murray, mzaliwa wa New Zealand, akaubadili ili utumike na kibodi kama ya taipureta. Murray aliongeza alama mbili ambazo hazichapi chochote: moja ya kurudisha kigari cha kuchapia mwanzo wa mstari, nyingine ya kuisogeza karatasi juu. Tuziweke akilini alama hizo, kwa sababu bado zinawasumbua watu. Mashine hizo ndizo zilizokuja kuitwa teleksi, na baada ya Vita Vikuu vya Pili zilikuwa zikigonga katika mabenki, mahoteli na wizara za Dar es Salaam.

Nchini Marekani watu walikuwa wakizifunga mashine za namna hiyo kwenye kompyuta. Ile iliyoenea kuliko zote, Teletype modeli 33, ilitoka mwaka 1963 na ilichapa herufi kumi kwa sekunde, kwa kelele, kwenye karatasi. Ken Thompson na Dennis Ritchie wa maabara za Bell walipoanza kutengeneza mfumo wa Unix mwaka 1969, hiyo ndiyo iliyokuwa meza yao. Kila herufi ilidai nguvu ya kidole na muda wa kungoja. Wakazikata amri mpaka zikabaki mifupa: ls kuorodhesha, cp kunakili, mv kuhamisha, rm kufuta. Kitabu cha kwanza cha maelekezo ya Unix kina tarehe 3 Novemba 1971, na amri hizo nne zimo, zinafanya kazi ileile zinayoifanya leo. Ya kuhamia folda nyingine ilikuwa bado ndefu, chdir. Nayo baadaye ikanyolewa ikawa cd. Thompson alikuwa mbahili wa herufi kiasi kwamba kazi ya ndani ya kuunda faili aliiita creat, bila ile e ya mwisho ambayo neno la Kiingereza linaidai, na miaka mingi baadaye alisema kwamba akipewa nafasi ya kuanza upya angeirudisha.

Anayetilia shaka ukoo huu afungue teminali, lile dirisha la kuandikia amri, kwenye kompyuta yoyote ya Linux au Mac, aandike tty na kubonyeza Enter. Mashine itamjibu jina la kifaa anachokitumia. Herufi hizo tatu ni kifupi cha teletaipu. Hakuna karatasi, hakuna kigari, lakini programu imeandikwa ikiamini kwamba upande wa pili kuna mtu aliyekaa kwenye mashine ya waya.

Tanganyika na Zanzibar zilikuwa zimeungana mwaka mmoja tu kompyuta ya kwanza ilipofungwa nchini, mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Ilikuwa ICT 1500, iliyouzwa na kampuni ya Kiingereza, na watu hawakuzungumza nayo kwa mstari wa amri. Ililishwa kadi zenye matundu. Kufikia 1974 nchi ilikuwa na kompyuta saba. Mwaka huohuo serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta na vifaa vyake, baada ya jaribio la kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kuleta vurugu Hazina. Televisheni nayo ilikumbwa na zuio hilo, ingawa Zanzibar ilikuwa tayari na yake, tena ya rangi.

Siku hizi kisa hicho husimuliwa kwa kicheko, kama kwamba waliokata shauri walikuwa watu wa kuogopa umeme. Mimi sicheki. Mashine zile zilinunuliwa kwa fedha za kigeni ambazo nchi haikuwa nazo, wataalamu wa kuziendesha walitoka nje kwa mikataba, na hesabu zilipovurugika karibu hakukuwa na mwenyeji wa kufungua kasha na kusema kosa liko wapi. Kosa la serikali, kwa maoni yangu, lilikuwa kulifunga somo pamoja na duka. Kwa miaka mingi kijana wa Kitanzania aliyetaka kujua faili linakaaje ndani ya mashine alisoma kwenye vitabu, au akasafiri.

Zuio lililegezwa polepole katika miaka ya 1980 na 1990, na kompyuta zilizoingia zilikuwa za aina nyingine. IBM ilikuwa imetoa kompyuta yake binafsi Agosti 1981 ikiwa na PC DOS, toleo lake la MS-DOS, mfumo uliotokana na kazi ya Tim Paterson ambayo Microsoft iliinunua. Ukiwasha kompyuta za miaka hiyo, ulikutana na kioo cheusi, C:\> na kijistari kinachopepesa. Basi. Makarani wengi wa wizara, vyuo na miradi ya wafadhili walioanza kazi miaka hiyo walikutana na kompyuta hapo, na wengi hadi leo vidole vyao vinakumbuka DIR, COPY, DEL na REN. Mfumo huo uliruhusu jina la faili lisilozidi herufi nane, nukta, na herufi tatu za aina ya faili. BAGAMOYO ina herufi nane kamili. KUNDUCHI na CHALINZE pia zilipita. KIGAMBONI ilizidi kwa moja, ikabidi ikatwe, na hata Windows 95 ilipokuja kuruhusu majina marefu, ilihifadhi kwa siri jina fupi la zamani, KIGAMB~1, kwa ajili ya programu zilizozaliwa kabla yake.

Juu ya DOS hiyo ndipo barua pepe za kwanza zilipopita. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa katika mradi wa kuunganisha vyuo vya Kenya, Uganda, Tanzania, Zambia na Zimbabwe, na Muhimbili ikawa na HealthNet, mtandao wa madaktari ulioanzishwa na shirika la SatelLife la Marekani. Njia ilikuwa ya Fido: ujumbe unaandikwa, unabanwa uwe mdogo, unawekwa kwenye folda ya kutokea, kisha modemu inapiga simu na kumwaga vyote kwa pamoja. HealthNet ilitumia pia setilaiti ndogo iliyopita juu ya anga mara chache kwa siku. Simu ya kimataifa ilikuwa ghali, kwa hiyo anayeendesha kituo alihitaji kujua faili gani liko folda gani, lina ukubwa gani, na limeshaondoka au bado. Ubahili wa 1890 ulikuwa umerudi, safari hii ukipimwa kwa kilobaiti.

Mwaka 1995 jina la .tz lilisajiliwa kwenye intaneti, mikono ya kiufundi ikiwa kwa muda mrefu ya Randy Bush, Mmarekani wa Oregon aliyewasaidia wahandisi wengi wa Afrika kuanza. Seva za intaneti zilikuwa za Unix, na Unix haikuwa na huruma kwa aliyezoea kubofya. Warsha za AfNOG, kikundi cha waendesha mitandao wa Afrika, zilizoanza Cape Town mwaka 2000 na kufika Dar es Salaam mwaka 2011, ziliwakalisha mafundi wa mitandao kutoka bara zima mbele ya teminali. Watu waliokuja kujifunza kuongoza njia za intaneti za nchi zao walihitaji kwanza kutembea ndani ya folda bila kupotea.

Mpaka hapa Bagamoyo imekaa pembeni ya hadithi, kama ilivyokaa pembeni ya reli. Iliingia tena kwa mlango wa hospitali. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo ya Waswisi iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957, ilifungua kituo cha utafiti Bagamoyo, na Mei 2009 watoto wa kwanza wa jaribio la awamu ya tatu la chanjo ya malaria ya RTS,S walichanjwa hapo. Jaribio lilikuja kuhusisha watoto 15,459 katika vituo 11 vya nchi 7. Hapa nchini vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo hiyo itumike kwa upana tarehe 6 Oktoba 2021.

Watu huzungumza juu ya sindano. Nyuma ya kila sindano kuna fomu: umri, uzito, homa, kipimo cha damu, ziara ya pili, ziara ya kumi. Kazi ya namna hiyo humaliza uvumilivu wa programu za kubofya. Excel ya kabla ya 2007 iliishia safu 65,536, na ya baada ya hapo huishia 1,048,576. Waingereza walijionea mwaka 2020, kesi 15,841 za korona zilipoanguka nje ya takwimu kwa sababu mtu alitumia aina ya zamani ya faili na safu zikajaa. Ukienda kwenye vinasaba vya vimelea vya malaria, ambavyo watafiti wa nchi hii husoma siku hizi kufuatilia usugu wa dawa, faili moja la matokeo linaweza kuwa na mamilioni ya mistari. Hapo mtu harudi kwenye teminali kwa ushabiki. Hana njia nyingine.

Tuseme karani mpya wa data amepewa folda moja iliyojaa picha za fomu kutoka kata za Bagamoyo, zote zimechanganyika, kila moja ikianza na jina la kata. Kwa kubofya atashinda hapo. Kwa maneno anaanza kwa kujua yuko wapi, pwd, na kilichopo, ls. Kisha anaandika

mkdir zinga yombo fukayosi makurunge

na folda nne zinazaliwa kwa mpigo. Halafu

mv zinga_*.jpg zinga/

na picha zote za Zinga zinahamia mahali pake. Nyota hiyo ina maana ya "chochote kilichopo hapa", na ndiyo inayobeba uzito wa mambo. Kabla ya kuhamisha, mzoefu huandika kwanza ls zinga_*.jpg aone nyota itakamata nini, kisha ndipo hubadilisha ls kuwa mv. Ni tabia ndogo, na ningemfundisha mwanafunzi siku ya kwanza kabla ya yote mengine.

Siku ya pili atakutana na nafasi. Akiandika mkdir Dar es Salaam atapata folda tatu: moja Dar, moja es, moja Salaam. Mashine imehesabu maneno kama karani wa telegramu, na kila neno imelipa folda yake. Dawa ni alama za kunukuu, mkdir "Dar es Salaam", au kufanya kama Wajerumani na kuandika daressalaam. Kiswahili kina mtego wake mwingine ambao vitabu vya Kiingereza havina sababu ya kuutaja. Jaribu mkdir ng'ombe. Hakuna kinachotokea, inajitokeza alama ya > na mashine inakaa kimya. Wengi hudhani imekufa. Kumbe imeuchukulia ule mkato wa ng' kuwa mwanzo wa nukuu, inangoja ufunge. Bonyeza Ctrl na C utoke, kisha andika "ng'ombe" ndani ya alama mbili za kunukuu. Ng'ambo, ng'arisha, kijiji chochote chenye ng' katika jina, yote yatakufanyia hivyo.

Nafasi ndiyo pia inayoua. Amri rm -r zinga* hufuta vilivyoanza na zinga. Amri rm -r zinga *, yenye pengo moja kabla ya nyota, hufuta zinga na kila kingine kinachoonekana kwenye folda uliyomo, bila kuuliza na bila pipa la taka la kurudia. Telegramu iliyokwisha kuondoka haikurudishwa, na hii hairudishwi. Studio ya Pixar ilijua hivyo mwaka 1998 mtu alipotoa amri ya kufuta mahali pasipo pake, na filamu ya Toy Story 2 ikaanza kutoweka, mhusika mmoja baada ya mwingine. Nakala za akiba zilipokaguliwa zilikuwa mbovu. Kilichowaokoa ni kompyuta ya nyumbani ya Galyn Susman, msimamizi wa kiufundi aliyekuwa na mtoto mchanga na kwa hiyo alikuwa akifanyia kazi nyumbani, akiwa na nakala yake.

Na zile alama mbili za Murray? Unix iliamua kwamba mwisho wa mstari unatosha alama moja. DOS ikabaki na zote mbili, kigari na karatasi, na Windows ikarithi. Karani akihifadhi orodha yake ya kaya kwenye Windows na kuituma kwenye seva ya Linux, kila mstari unabeba mwishoni alama isiyoonekana. Kwa macho imeandikwa Zinga. Kwa mashine ni Zinga na kigari kinachorudi kushoto, na hizo si kitu kimoja. Anatafuta kaya za Zinga, anaambiwa hakuna. Watu wamepoteza siku nzima hapo wakilaumu orodha. Tiba yake ni mstari mmoja:

tr -d '\r' < kaya.csv > kaya_safi.csv

Umefuta alama ya mwaka 1901, na orodha inajibu.

Kumekuwa na jitihada za kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kampuni ya Kiswidi ya IT+46, kupitia mradi wa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili, na Microsoft ikafuata na za kwake. Amri za teminali hawakuzigusa, na nadhani walifanya vyema, maana ls ni alama kuliko neno. Mwingereza naye hana neno hilo nyumbani kwake. Anayetaka lakini hazuiwi. Akiandika

alias futa='rm -i'

kuanzia hapo futa ni amri halali kwenye mashine yake, na ile -i inailazimisha kuuliza kabla ya kufuta kila faili. Hali kadhalika alias hamisha='mv -i', alias nakili='cp -i'. Akitaka zikae hata akizima, anaziandika kwenye faili la .bashrc. Mwalimu mwenye darasa la wanaoanza anaweza kuwapa hivyo wiki za mwanzo, kisha akaziondoa, kwa sababu siku watakapoingia kwenye seva ya mtu mwingine futa haitakuwepo.

Ninaposikia kwamba mstari wa amri ni mgumu mno kwa watu wetu, huwa nafikiria soko la samaki la Bagamoyo. M-Pesa ilianza Tanzania mwaka 2008, na tangu hapo mchuuzi ambaye hajawahi kugusa kibodi anaandika *150*00# kila siku. Hiyo ni amri. Nyota zinatenganisha vipande, alama ya reli ya mwisho ni Enter, na upande wa pili kuna kompyuta inayosoma namba kwa mpangilio bila kukisia. Akikosea tarakimu moja fedha zinakwenda kwa mtu mwingine, kwa hiyo amejifunza, bila warsha, kusoma jina la mpokeaji kabla ya kuweka namba ya siri. Ni ls kabla ya mv, chini ya jina lingine.

Simu hiyohiyo, ikiwa ya Android, inaweza kuwa darasa. Kuna programu ya bure iitwayo Termux inayoweka teminali ya Linux kwenye simu, na kwa kijana wa Magomeni au Kiromo asiye na kompyuta ndiyo njia ya bei nafuu niijuayo. Akiisha kuipa ruhusa ya kusoma hifadhi ya simu kwa amri ya termux-setup-storage, mazoezi yanamngoja tayari, kwa kuwa WhatsApp huzipa picha majina yenye tarehe ndani: mwaka, mwezi, siku, bila pengo. Za Juni 2024 zote zinaanza na IMG-202406, hivyo cp IMG-202406* na jina la folda inazinakili kwa mara moja, arusi, misiba, vyeti na kadi za michango pamoja. Shida ni kufika zilipo. Waliotengeneza WhatsApp waliliita kabati hilo WhatsApp Images, maneno mawili, na mwanafunzi atakayeandika cd WhatsApp Images ataambiwa kwamba ametaja vitu vingi mno. Aandike cd "WhatsApp Images".